Anwani ya Kudumu au ya Mkataba? Mjadala wa DHCP katika Mitandao ya Taasisi Zetu Uganda

Taasisi inapoongeza kompyuta, iwe shule ya bweni pale Mbale, ofisi ya wilaya huko Arua au hospitali ya misheni nje ya Kampala, hoja moja hurudi mezani: je, kila mashine iandikiwe anwani yake ya IP (namba inayoitambulisha kwenye mtandao) kwa mkono na kubaki nayo daima, au kazi hiyo iachiwe seva ya DHCP, ambayo huzigawa anwani kwa mkataba wa muda na kuzirudisha katika akiba mkataba unapokwisha? Wapo mafundi hodari, wenye miaka mingi kazini, wanaoshikilia njia ya mkono, na kuwadharau kwamba wameachwa nyuma na wakati ni kuwakosea haki. Hoja zao zina mashiko. Mimi naona kwamba mwishowe zinazidiwa nguvu, ingawa sababu inayozishinda si urahisi wa kazi, ambao ndio watetezi wa DHCP huutaja kwanza.

Tuanze na seva yenyewe. Kifaa kinapojiunga na mtandao hakina anwani wala hakijui seva iko wapi, kwa hiyo hutangaza kwa wote kwamba kinatafuta seva. Seva iliyosikia tangazo hilo hupendekeza anwani moja kutoka katika akiba yake. Kifaa huiomba rasmi. Seva huthibitisha, ikiambatanisha anwani ya lango la kutokea intaneti, anwani za seva za majina (zinazogeuza majina ya tovuti kuwa anwani), na muda wa mkataba. Ni jumbe nne tu, na husafiri kwa UDP, njia nyepesi ya kutuma jumbe mtandaoni, kupitia bandari (namba ya mlango wa programu) 67 upande wa seva na 68 upande wa kifaa. Utaratibu huu ulichapishwa mara ya kwanza Oktoba 1993 ukijengwa juu ya BOOTP, utaratibu wa awali wa kugawa anwani, wa mwaka 1985, na waraka unaoendelea kuutawala kwa IPv4 (aina ya anwani za IP zenye namba nne, kama 192.168.1.37), RFC 2131 wa Ralph Droms, ni wa Machi 1997. Jambo kubwa ambalo DHCP iliongeza juu ya mtangulizi wake ni hilo la mkataba wenye mwisho. Nusu ya muda ikipita, kifaa huiandikia seva iliyokipa anwani kikiomba kuongezewa. Kisipojibiwa, muda ukifika asilimia 87.5 hutangaza ombi hilo kwa seva yoyote inayoweza kusikia. Kwa mfano, Windows Server isipobadilishwa hutoa mkataba wa siku 8, maana yake ombi la kwanza hufanywa siku ya 4 na tangazo kwa wote siku ya 7.

Hoja ya kwanza ya wapinzani ni umeme. Wanasema kwamba seva ikizimika mtandao mzima umekufa, ilhali mashine iliyoandikiwa anwani kwa mkono ikiwaka tu iko kazini. Kwa namna wanavyoisema, hoja hii imetiwa chumvi. Kompyuta yenye mkataba hai huendelea na anwani yake hadi mkataba uishe, hata kama seva imezimika tangu jana. Hata ikizimwa na kuwashwa tena bila kupata jibu la seva, Windows hujaribu kuwasiliana na lango, na likijibu, hubaki na anwani ile ile kwa muda uliosalia. Wanaoumia ni wageni, na wale ambao mikataba yao imekwisha: hao hujipa wenyewe anwani inayoanza na 169.254, ambayo haiwafikishi kwenye intaneti. Fundi anayeiona namba hiyo kwenye skrini hahitaji kuuliza zaidi. Kifaa kiliita na hakuna seva iliyoitika.

Hata hivyo umeme una madhara mengine ambayo upande wa DHCP hauyazungumzii vya kutosha. Katika taasisi nyingi ndogo kinachogawa anwani si seva kamili bali ruta iliyoletwa na kampuni ya intaneti, na ruta za namna hiyo mara nyingi huiweka orodha ya mikataba katika kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika. Ukirudi, ruta imesahau ilimpa nani nini, huku kompyuta mpakato zilizokuwa zikitumia betri zikiendelea na anwani zao. Ruta ikianza kugawa upya bila kuchunguza, inaweza kumpa mtu wa pili anwani ambayo tayari ina mwenyewe. RFC 2131 inaitaka seva ichunguze kabla ya kutoa, na inakitaka kifaa kikatae anwani kikigundua kuna mwingine anayeitumia. Lakini si kila ruta ya bei nafuu hutii, na kompyuta iliyolala wakati wa uchunguzi haiwezi kujibu. Kwenye hili wapinzani wana haki kamili, na dawa yake ni kifaa kinachohifadhi orodha ya mikataba kwenye diski, kikiwa na betri ya akiba.

Hoja yao ya pili ni nzito zaidi: DHCP humwamini yeyote anayejibu. Mwalimu akileta ruta yake ya nyumbani ili waifai ifike chumbani kwake, akauchomeka waya wa ukutani kwenye tundu la ruta lisilokusudiwa waya huo, ruta hiyo nayo huanza kuitikia matangazo ya mtandao mzima. Vifaa vingi hukubali pendekezo lililotangulia kufika, kwa hiyo nusu ya ofisi inaweza kuamka na anwani za ruta ya mwalimu, lango likiwa si lile la kwenda nje, na hapo malalamiko huanza kwamba intaneti ipo kwa mhasibu lakini haipo kwa katibu. Mwenye nia mbaya anaweza kufanya hivyo kwa makusudi ili mawasiliano ya wengine yapitie kwake. Swichi zinazosimamiwa zina uwezo wa kuruhusu majibu ya DHCP yatoke katika tundu moja lililoidhinishwa tu, lakini swichi za bei rahisi ambazo shule nyingi hununua hazina uwezo huo. Anayeandika anwani kwa mkono hakumbwi na tatizo hili, na ningependa wanaotushawishi kuhamia DHCP waseme gharama ya swichi hizo kabla ya kutaja faida yoyote.

Kwa nini basi nasimama upande wa DHCP? Kwa sababu anwani zilizoandikwa kwa mkono zinahitaji mahali pa kukumbukwa, na mahali hapo huwa ni daftari la fundi mmoja au kichwa chake. Daftari linasema 192.168.1.37 iko wazi, fundi anaiandika kwenye kompyuta mpya ya mhasibu, na kila kitu kinakwenda sawa hadi muhula unapofunguliwa na naibu mkuu wa shule anarudi na kompyuta mpakato iliyopewa 37 mwaka juzi na haikuandikwa popote. Mgongano wa namna hiyo hausemi wazi kwamba ni mgongano. Watumiaji huona tu mtandao unaokwenda na kukatika. Fundi akipata kazi kwingine, anaondoka na ramani nzima ya mtandao, na anayemrithi hulazimika kuifungua mashine moja baada ya nyingine. Seva ya DHCP huandika yenyewe kila anwani iliyotoka, kifaa kilichoipata na wakati wake, na orodha hiyo huachwa ofisini hata wahusika wakibadilika.

Tena, hoja kwamba printa, mashine za maabara na seva za mafaili zinahitaji anwani isiyobadilika haiipingi DHCP hata kidogo. Seva inaweza kuagizwa kwamba kadi fulani ya mtandao, inayotambuliwa kwa namba yake ya MAC, ipewe anwani ile ile kila mara. Printa ya risiti hospitalini hubaki na 192.168.1.50 miaka yote, lakini taasisi ikibadilisha kampuni ya intaneti na seva za majina, badiliko hufanywa mahali pamoja. Binafsi ningeziacha kwa mkono ruta, swichi na seva ya DHCP yenyewe, basi.

Panapohitaji busara zaidi ni urefu wa mkataba. Chukua shule yenye mtandao mmoja wa anwani 254, mkataba wa siku 8, na siku ya wazazi kutembelea watoto. Wazazi 200 wanajiunga na waifai kwa saa chache kisha wanaondoka, na simu inapotoka eneo la waifai kwa kawaida haiagi seva. Anwani yake inabaki imeshikwa kwa siku 8. Jumatatu walimu wanakosa anwani katika mtandao ambao hauna watu. Wapo wanaolihesabu hili kuwa kasoro ya DHCP, nami nalihesabu kuwa kosa la mpangilio: wageni wapewe mtandao wao wenye mkataba wa saa moja au mbili, na ofisi ziachiwe siku kadhaa, ili kukatika kwa umeme kusiwaguse.

Linabaki suala la uwajibikaji, ambalo pande zote mbili hulidai kuwa lao. Anwani za hadharani za IPv4 zimekuwa adimu barani, AFRINIC, shirika linalogawa anwani za IP barani Afrika, ikiwa katika awamu ya pili ya kuishiwa tangu Januari 2020, kwa hiyo shule nzima huweza kuonekana nje kwa anwani moja. Lalamiko likitoka nje, ni kumbukumbu za ndani tu zinazoweza kuonyesha kifaa kilichohusika, za DHCP pamoja na za ruta inayobadilisha anwani. Lakini tangu Android 10 ya 2019 na iOS 14 ya 2020, simu hutumia MAC ya kubuni kwenye waifai, na orodha ya seva haiwezi tena kumtaja mwenye simu bila mtandao wenyewe kudai jina na nywila. Kumbukumbu hizo zikiunganishwa na majina zinakuwa data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na taasisi inapaswa kuamua zitakaa muda gani na nani ataruhusiwa kuzisoma.

Ukilihamisha daftari kutoka mkononi mwa fundi na kuliweka ndani ya seva, seva nayo ikiungua hali inarudi pale pale. Hospitali kubwa inaweza kuwa na seva mbili zinazoshirikiana orodha moja, jambo ambalo Windows Server inaliwezesha tangu toleo la 2012. Shule isiyomudu hilo inaweza kuigawa akiba, seva moja ikatoa 192.168.1.60 hadi 150 na nyingine 151 hadi 240, na anwani maalumu za printa zikaandikwa katika zote mbili. Nakala ya mpangilio huo ihifadhiwe kila mwisho wa muhula mahali ambapo mkuu wa shule anaweza kuifikia bila kumpigia fundi simu.