Kanuni ya Fizikia Ni Sentensi, Si Pembetatu

Mwezi uliopita mpwa wangu wa kidato cha tatu alinionyesha daftari lake la fizikia. Kurasa mbili zilijaa pembetatu zilizochorwa kwa rula, kila moja ikiwa na herufi tatu: V (volti) juu, I (mkondo) na R (ukinzani, yaani jinsi waya unavyouzuia mkondo) chini; F (kani, yaani msukumo au mvuto) juu, m (masi) na a (mchapuko) chini. Ukifunika kwa kidole herufi unayoitafuta, mbili zinazobaki hukuonyesha kama uzidishe au ugawe. Alikuwa amezihifadhi zote, na mazoezi yake yalikuwa na alama za vema tupu. Jioni hiyo LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ya nyumbani kwao ilikuwa imebakiwa na uniti mbili, nami nikamwuliza kipi kingemaliza umeme zaidi hadi asubuhi: taa ya wati 9 iliyowashwa saa 12 mfululizo, au jagi la kuchemshia maji la wati 2,000 litakalotumika kwa dakika 12 tu. Alijibu bila kusita: "Taa, mjomba, kwa sababu ndiyo inayowaka usiku kucha."

Jagi lingetumia uniti 0.4 na taa uniti 0.11, yaani jagi lingekula karibu mara nne ya taa. Binti huyu ana akili nzuri, na hoja yake kuhusu muda ilikuwa nusu ya jibu. Nusu nyingine ilikuwa daftarini mwake, E = Pt, lakini hakuna aliyewahi kumsomea kanuni hiyo kama sentensi: nishati iliyotumika ni wati za kifaa zikizidishwa kwa muda kilioachwa kinafanya kazi. Uniti moja ya LUKU ndiyo sentensi hiyo yenyewe, kwa kuwa ni wati 1,000 kwa saa moja, sawa na jouli 3,600,000.

Ninaamini pembetatu hizi ziondolewe kabisa madarasani, na sababu yangu kubwa ni kwamba zinamfundisha mtoto jambo lisilo kweli. Katika pembetatu herufi zote zina hadhi sawa, ilhali katika waya hazina. Ukiongeza volti kwenye waya wa hita, mkondo unaongezeka. Ukinzani hauongezeki kwa sababu ya volti, maana unatokana na waya wenyewe: umetengenezwa kwa metali gani, una urefu na unene gani, na umepata joto kiasi gani. Mwanafunzi anayeisoma R = V/I kwenye pembetatu ana haki ya kudhani kwamba volti zikizidishwa mara mbili, ukinzani nao utafuata. Mimi nilidhani hivyo hadi kidato cha tano, na hakuna swali la mtihani lililowahi kulifichua kosa hilo, kwa sababu hesabu zangu zilitoka sawasawa. Georg Ohm alipochapisha kazi yake mwaka 1827 alikuwa anaeleza alichokipima kwenye nyaya: mkondo hukua sambamba na volti maadamu hali ya waya haibadiliki. Utepe wa balbu ya kizamani ukipata moto, ukinzani wake hupanda, na uhusiano huo ulionyooka unavunjika. Pembetatu haina mahali pa kuandika "maadamu".

Hasara ya kutoelewa haiishii kwenye alama. Kwa umeme wa volti 230, jagi la wati 2,000 huvuta karibu ampea 9. Chomeka majagi mawili ya namna hiyo kwenye ekstensheni moja yenye waya mwembamba, na mkondo utafika zaidi ya ampea 17. Joto linalozalishwa ndani ya waya hufuata I²R, yaani mraba wa mkondo mara ukinzani, kwa hiyo mkondo ukiwa mara mbili joto huwa mara nne, na plastiki inayoufunika waya huanza kulainika. Kidato cha tatu wanaweza kuikokotoa hesabu hii, lakini ni wangapi wameambiwa kwamba inahusu ekstensheni iliyo nyuma ya kabati la jikoni kwao?

Lugha nayo ina sehemu yake. Katika Kiswahili cha kila siku neno "nguvu" linabeba mizigo mitatu: tunasema fundi ana nguvu, injini ina nguvu, umeme leo hauna nguvu. Fizikia inaitenganisha mizigo hiyo kuwa kani, nishati na kasi ya kuitumia nishati, na mtoto asipotenganishiwa kwa lugha anayoifikiria, herufi hubaki kuwa herufi. Hata I ya mkondo imetoka kwenye neno la Kifaransa la ukali wa mkondo, jambo ambalo mwalimu angelieleza kwa nusu dakika.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa ndoo ya lita 20. Ipandishe hadi ghorofa ya nne, mita 12 juu, na kanuni ya mgh (masi mara mvutano wa dunia mara kimo) inasema umeyaongezea maji hayo jouli zipatazo 2,400, ingawa umefika ukihema. Sasa yachemshe maji hayohayo kutoka nyuzi 25 hadi 100: kila kilo inadai jouli 4,200 kwa kila nyuzi moja, na jumla ni jouli 6,300,000, zaidi ya mara 2,600. Mwanafunzi aliyeziona namba hizi mbili zikiwa pamoja hatashangaa kuona jagi likila uniti wakati pampu ndogo ya maji haizigusi sana.

Kanuni hiyohiyo ya mgh inaeleza mabwawa yetu ya umeme hapa Tanzania. Kihansi huzalisha megawati 180 kwa maji yanayoporomoka takriban mita 850, na Kidatu megawati 204 kwa mita 175 hivi. Kilo moja ya maji ya Kihansi hubeba karibu jouli 8,500, ya Kidatu 1,750. Ukiacha upotevu wa mitambo, Kihansi inahitaji tani 21 hivi kwa sekunde, Kidatu zaidi ya 115. (Maji yaliyoelekezwa kwenye mitambo ya Kihansi yaliyakosesha maporomoko manyunyu yaliyokuwa makazi ya chura wa pale, na mgh haina herufi ya kulihesabu hilo, nalo lingefaa kusemwa darasani.)

Kwa mwendo sitakawia: nishati ya gari hufuata mraba wa mwendo wake, hivyo gari linalopita kijijini kwa kilomita 80 kwa saa badala ya 50 limeongeza nishati ya kuondolewa na breki mara 2.56.

Ningependa kanuni zichapwe kwenye karatasi ya mtihani, ili muda unaopotea kuzikariri utumike kuuliza zinasema nini na zinakoma wapi. Mpwa wangu alipomaliza kukokotoa tena lile swali la taa na jagi, aliligeuza jagi kusoma wati zilizoandikwa chini yake, kisha akaenda kutafuta kibandiko cha pasi.