Jina likikosewa, je, rekodi ifutwe?

Kuvumwani (viumbe vinavyoundwa na kuvu na vijimwani wanaoishi pamoja) za jenasi Cora hufunguka mfano wa pepeo ndogo, zikiota ardhini au matawini. Kwa miaka mingi, takriban kila upepeo wa aina hii uliookotwa Amerika ya Kati na Kusini ulitiwa kwenye bahasha ya karatasi, ukaandikwa Cora pavonia au, baadaye, Dictyonema glabratum, ukafungiwa kabatini mwa hifadhi ya vielelezo. Mwaka 2014 mtaalamu wa kuvumwani Robert Lücking na wenzake wakatangaza kuwa, kwa ushahidi wa vinasaba, “spishi” hiyo moja ni spishi zisizopungua 126, na wakakadiria kuwa huenda zinapita 400. Rekodi za zamani za bahasha hizo, ambazo leo husomwa kwenye hifadhidata kama GBIF, ile ya kimataifa ya kumbukumbu za viumbe, zikabaki na jina lisilotwambia tunazungumzia spishi ipi.

Wapo wanaotaka ziondolewe. Hoja yao ina uzito. Ukichora ramani kwa rekodi hizo unapata spishi iliyotapakaa kote, isiyo na hatari yoyote, kumbe ndani yake zimejificha nyingine zenye makazi finyu, na kisichoonekana hakilindwi. Tena kasoro haiishii kwenye jina. Lebo nyingi za kale hutaja mji au mlima tu. Latitudo na longitudo huja kuongezwa na mtu mwingine kwa makisio, na milimani kilomita chache zinatosha kukutoa msituni hadi kwenye nyasi za juu. Bahasha nayo hupoteza mengi. Cora iliyolowa ina ukijani, pengine wa kuelekea buluu. Ikikauka hupauka ikakaribia weupe. Mkusanyaji asiyeandika rangi, wala kama aliibandua ardhini au tawini, ametuachia ushahidi nusu.

Hata hivyo, siafiki kufuta. Mwaka 2020 ilielezwa Cora timucua ya Florida, nayo ilitambuliwa kutokana na vielelezo vya zamani vilivyokaa makabatini chini ya jina lisilo lake. Wakati huo ilihofiwa kwamba porini huenda imekwisha kutoweka. Yaani bahasha zile zenye jina la makosa ndizo pekee zilizotunza habari kwamba kiumbe huyo aliwahi kuishi, wapi na lini. Aliyeokota alikosea jina, lakini hakukosea kwamba alikuwa pale siku ile.

Kusahihisha nako kuna gharama yake. Kupima vinasaba ni kukata kipande cha kielelezo, na vinasaba vya kielelezo cha kale mara nyingi vimekatikakatika, hivyo unaweza kukata na usipate jibu. Kwa bahasha yenye upepeo mmoja mdogo, mimi ningesubiri.

Wahifadhi wa vielelezo wana desturi ya miaka mingi: mtaalamu akibadili jina hubandika kikaratasi kipya chenye jina lake na tarehe, na lebo ya kwanza haiguswi. Hifadhidata nazo zifanye hivyo hivyo. Rekodi ya zamani isomeke “Cora, spishi haijathibitishwa”, jina la awali lionekane chini yake, pamoja na namba ya bahasha, ili atakayetaka kuhakiki ajue kabati la kufungua.