Nyatiti nayo ni fizikia

Kuna mwandishi anayesema kwamba mwanafunzi akishachagua sanaa, sayansi haimhusu tena. Sikubali hata kidogo. Mjomba wangu hapa Kisumu hupiga nyatiti, ala ya Waluo yenye nyuzi 8. Akiitengeneza sauti, huzungusha uzi kidogo tu kwenye mti wa juu, ainamishe kichwa, asikilize, aurudishe nyuma. Uzi ukikazwa hutetema haraka zaidi na sauti hupanda. Hiyo ni fizikia, yeye huiita sikio.

Na falsafa? Nayo haikai darasani tu. Marehemu Profesa Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mzaliwa wa Siaya, aliwahoji wazee wa vijijini kuhusu Mungu na kifo, akatetea kwamba fikra zao ni falsafa.

Binti yangu ameanza kumuuliza mjomba kwa nini uzi mnene unanguruma.