Bahasha ya Rangi ya Chungwa na Faili la Baba Mdogo

Bahasha ya rangi ya chungwa imeingia tena mlangoni. Inakuja kila mwanzo wa mwaka, na kila mwaka naifungua kwa shingo upande kwa sababu najua kilichomo: makadirio ya pensheni ya mhudumu wa wazee aliyeingia Uswidi akiwa ameshavuka miaka 30. Si hela ya kumtambia mtu. Basi naketi nayo na kikombe cha chai, nasoma mstari kwa mstari, halafu nakasirika. Wala siwakasirikii Waswidi. Nakasirikia nyumbani Tanzania.

Msinirukie bado. Nisikilizeni kwanza.

Bahasha hii inatumwa tangu 1999. Siku hizi wengi wanaisoma kwenye simu, mimi bado nataka karatasi. Ndani kuna hesabu yako, ya kwako wewe: ulikuwa na kiasi gani, kimeongezeka kiasi gani, na gharama za uendeshaji zimekula kiasi gani. Ndiyo, wanakuonyesha hata walichokukata kwa kazi ya kukutunzia hela yako. Asilimia 18.5 ya kipato kinachohesabiwa inaingia pensheni. Kati ya hizo, 16 zinawalipa wazee wa leo huku wewe ukiandikiwa haki yako, na 2.5 zinawekezwa kwenye mifuko unayochagua mwenyewe. Ukizembea kuchagua, serikali inao mfuko wake wa kukuwekea. Kuna na mstari mmoja ambao hunifanya nicheke peke yangu: mgawo wa fedha za watu waliozaliwa mwaka wangu na wamekwishafariki. Salio lao linagawanywa kwa sisi tuliobaki. Hebu fikiria jambo hilo kwetu, na kikao cha ukoo ambacho kingeitishwa!

Sasa nije kwa baba yangu mdogo. Mwalimu wa shule ya msingi, kafundisha vijiji vya mkoa wa Tanga mpaka sauti ikakauka. Alipokaribia kustaafu akaambiwa michango yake ya miaka kadhaa haionekani. Haionekani! Makato yapo kwenye hati za mishahara, na hati zenyewe anazo zote, kazifunga kwenye mfuko wa rambo, ile iliyokwishapigwa marufuku. Akaambiwa alete barua ya kuajiriwa. Akaleta. Ya kuthibitishwa kazini. Akaleta. Za kupandishwa madaraja, zote. Akaleta, akaambiwa faili liko masjala, na mwenye ufunguo wa masjala yuko likizo. Siku moja nikampigia, shikamoo baba. “Marahaba mwanangu, niko kwenye foleni, sema haraka.” Mzee wa miaka 60 yuko kwenye foleni ya kuthibitisha kwamba alifanya kazi ambayo nusu ya watumishi wa wilaya ile wanaijua, maana aliwafundisha kusoma.

Hicho ndicho kinachonichoma. Nyumbani mstaafu anayafuatilia mafao. Huku mafao yanamfuatilia mtu mpaka mlangoni, hata yakiwa madogo kama yangu.

Najua jibu lenu la kwanza: dada, huko wana hela. Sawa, wana hela. Bahasha na stempu ni hela? Waingereza nao wana hela, na waliwafanyia mama zao jambo baya kuliko la baba mdogo. Mwaka 1995 walipitisha sheria ya kupandisha umri wa wanawake kupata pensheni ya serikali kutoka 60 hadi 65, na 2011 wakaiharakisha. Wanawake wengi waliozaliwa miaka ya 1950 hawakuandikiwa barua kwa wakati. Wengine walishaacha kazi wakijua bado kidogo tu wafike, kumbe mstari umesogezwa. Machi 2024 msimamizi wa malalamiko wa bunge akasema wanastahili fidia. Desemba mwaka huohuo serikali ikakataa kuwalipa. Taifa tajiri, na kilichoharibu ni barua. Kwa hiyo hadithi ya umaskini wetu msiniletee.

Jibu la pili: siku hizi hata sisi tuna mambo ya kisasa, PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, wana Kiganjani, unaangalia michango kwenye simu. Nimeiona na nimefurahi, kwa moyo mweupe. Ila mchango ambao mwajiri hakuupeleka hauwezi kuonekana hata ukiwa na simu tatu. Na swali langu liko palepale: ukikuta pengo, nani anatafuta? Wewe, kwa nauli yako.

Halafu kuna kikokotoo. Hapa naona mikono imeshapanda. Sitakieleza kwa kirefu: ni hesabu inayoamua mstaafu apewe sehemu gani ya mafao kwa mkupuo, yaani mara moja, na sehemu gani mwezi kwa mwezi. Wengi wenu mnakijua kwa machungu yenu au ya mzazi wenu. Nitasema tu jambo ambalo litanifanya nitukanwe: mkupuo kupunguzwa ili pensheni ya mwezi iongezeke, mimi kimsingi sipingi. Nimeziona nyumba za mkupuo zilizoishia kwenye lenta, bila paa, mwenyewe akafariki akiwa bado mpangaji. Haya, semeni: “Unaongea hivyo kwa sababu una pensheni ya Wazungu.” Pensheni yenyewe ndiyo hiyo niliyowaambia naifungua kwa shingo upande. Ninachopinga ni namna. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni inaunganishwa, kanuni zinakuja na mkupuo wa asilimia 25, watu wanapiga kelele, Desemba rais anasitisha. Julai 2022 inakuja 33. Mwaka 2024 inakuwa 40 kwa wale ambao mifuko yao ya zamani ilikuwa ikiwapa 50, na 35 kwa wengine. Watumishi wawili wa mfuko mmoja wa zamani, walioajiriwa siku moja, mmoja akastaafu Juni 2022 na mwingine Julai, mkupuo wao ukapigwa kwa hesabu mbili. Mtu atapanga vipi uzee wake kwenye mchanga wa namna hiyo?

Huku vyama vitano, vya kushoto na vya kulia, vilikaa vikakubaliana mwaka 1994, na sheria ikapita 1998. Mpaka leo mabadiliko makubwa yanaanzia kwenye kikundi cha vyama vilivyokubaliana. Wakaweka na breki: mfumo ukielemewa, pensheni zinashuka zenyewe kwa kanuni, bila waziri kuamka na wazo jipya. Msidhani breki ni pambo. Mwaka 2010 pensheni hiyo ilishuka asilimia 3, na 2011 ikashuka 4.3. Wazee walinuna, na serikali ikawapoza kwa kuwapunguzia kodi. Lakini kanuni ilikuwa imeandikwa miaka mingi kabla.

Na si Ulaya yote. Wafaransa 2023 walipandishiwa umri wa kustaafu kutoka 62 hadi 64 kwa kifungu cha katiba kinachoiruhusu serikali kuruka kura ya wabunge. Mitaa ikawaka moto, na 2025 utekelezaji ukasimamishwa. Italia mwaka 2011 waziri Elsa Fornero alibubujikwa na machozi mbele ya waandishi alipokuwa akitangaza makali yake mwenyewe ya pensheni. Wagiriki walikatwa pensheni tena na tena mpaka wakaacha kuhesabu. Hata hapa kwetu Uswidi (ona, nimeshasema “kwetu”, mtanishika hapo) wapo wenye mifuko ya uwekezaji waliochezea hela za wastaafu, na wengine wakaishia jela. Na jirani yangu wa chini, mama aliyelea watoto nyumbani akaajiriwa miaka michache tu, namkuta kila Jumamosi dukani akisukumiza makopo kwenye mashine ya kurudishia chupa, moja moja, akisubiri risiti ya kulipwa imtokee.

Kwa huyo, nyumbani tumewazidi. Msinione najidharau. Zanzibar mwaka 2016 ilianza kumpa kila mzee aliyefika miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye zikawa 50,000, bila kumuuliza aliajiriwa wapi. Mama wa mwani, mvuvi, mkulima wa mihogo, wote wamo. Najua 50,000 hainunui mengi. Lakini wazo ni safi kuliko la Waswidi, ambao ukitaka pensheni yao ya uhakika yote, ile ya wasiokuwa na kipato au waliokuwa na kipato kidogo, ni lazima uwe umeishi hapa miaka 40. Ukipungukiwa, unakatwa sehemu moja ya 40 kwa kila mwaka uliopungua. Sisi tuliokuja watu wazima tunalijua panga hilo. Wazo kama la Zanzibar tuliweza kulitekeleza wenyewe. Tunashindwaje kumwandikia mwalimu barua moja kwa mwaka?

Na wewe uliyekwishaandaa sentensi ya “kama huko kuzuri, baki hukohuko”: sibaki. Nitarudi nikistaafu, na nimeshapiga hesabu. Pensheni niliyoichangia kazini itanifuata hadi Tanga. Ile ya uhakika haivuki kuja kwetu, hiyo nitaiacha. Na ili wasije wakamlipa marehemu, kila mwaka Waswidi wataniletea fomu nithibitishe kwamba niko hai, igongwe muhuri na mamlaka ya nchi ninayoishi. Kwa hiyo nami nitapanga foleni kama baba mdogo, nitamsalimia karani kwa adabu zote, na ataniangalia mzima mzima, nikipumua mbele yake, aniambie muhuri umefungiwa kabatini, nije kesho.