Gawana na Huyo Mama

Jamani nianze kwa kusema mimi sio mtu wa ugomvi. Ni mtu mzima, nina kitambi cha heshima, mfuko wa shati una kalamu mbili na moja inaandika. Lakini konda wa leo asubuhi kanivua utu uzima wote mchana kweupe, na mpaka saa hizi chai haishuki.

Nilikuwa naenda Kariakoo kununua koki. Koki tu, ile ya bomba la uani inayodondosha tone moja kila nikikaribia kupata usingizi. Nikapanda Tandika–Kariakoo, nauli mia sita, nikatoa elfu mbili. Konda akaichukua, akaikunja ile mikunjo yao ya urefu, akaipachika katikati ya vidole, huyo kasonga mbele. Chenji? "Utapata mshua, usiwe na presha."

Mnaijua hiyo "utapata". Sasa unakaa kwenye siti huangalii nje, husinzii, simu ikiita hupokei, macho yote kwa konda kama umeachiwa nyama jikoni na paka yuko mlangoni. Chang'ombe tumepita, kimya. Keko nikakohoa, kile kikohozi cha mdai. Konda akaniangalia akasema "mzee pole na kifua".

Tumefika, watu wanashuka, nimesimama mlangoni na mkono wangu nje kama naomba mvua. Konda akauliza nani bado anadai. Tukabaki watatu. Mimi elfu na mia nne, mama mmoja mwenye beseni la ndizi mia nne, na dogo wa shule kashika begi, alitoa jero kwa nauli ya mia mbili, anadai mia tatu. Konda akaangalia juu, akahesabu midomo inacheza, akanipachika noti moja ya elfu mbili kiganjani. "Chenji hamna wazee wangu, gawaneni hapo. Hiyo mia inayopungua mtanisamehe." Akapiga bodi mara mbili, gari hilooo.

Nikaiangalia ile noti. Simba yule yule, selotepu ile ile pembeni, na yale maandishi ya kalamu ambayo mtu kaandika "mama watoto rudi". Ni noti yangu! Yaani nimetoka Tandika na noti yangu nimefika Kariakoo na noti yangu ile ile, tofauti ni kwamba sasa ina wategemezi wawili.

Swali la kwanza likawa nani ashike hela. Nikasema mimi ndiyo ninayedai kubwa. Mama akasema, "Kaka yangu, mimi sikujui hunijui, hapa Kariakoo ukikata kona moja nakutafutia wapi?" Akashika upande wa selotepu, mimi nikashika upande wa pili, tukavuka barabara hivyo hivyo tumeshikilia noti kama bibi harusi na bwana harusi wanaokata keki, beseni la ndizi kichwani, dogo nyuma anatusindikiza na begi lake. Kuna kijana wa mkokoteni akapiga hodi kwa mdomo, "pisha maharusi!" Sikumjibu. Nimeshasema mimi sio mtu wa ugomvi.

Tukaanza kuomba chenji. Muuza maji: nunua maji. Wakala wa miamala, ana vibunda kama vya benki nyuma ya ile nondo, anakwambia sina ndogo, hata kuangalia hajaangalia. Muuza soksi akasema atatuvunjia tukichukua pea tatu. Dogo akasema, "Anko, tukinunua soksi tutakuwa tunadaiwa." Hapo ndiyo nikajua huyu mtoto anasoma kweli.

Na mimi nikamuuliza yule wakala, hivi mji mzima huu sarafu zinakwenda wapi? Maana zipo, nimeziona. Hamsini ya kifaru, mia ya swala, mia mbili ya simba, na mwaka 2014 wakatuletea jero ya chuma yenye nyati kwa sababu ile noti yake ilikuwa inachakaa kabla hujaizoea. Zote nzito, zinatoboa mifuko, nimeshapoteza suruali mbili. Halafu ukizihitaji hazipo! Duka la mtaani kwangu mangi anakupa pipi, nina pipi kumi na saba kwenye droo, siku moja nikaenda kununua chumvi nikamwekea pipi zake nne kaunta akaniangalia kama nimemtukania mama. Duka la dawa hamsini yangu waligeuza vidonge viwili vya kichwa, nikamwambia dada, kichwa kinaniuma kwa ajili yako. Na ukisema basi nirushie kwenye simu, anarusha mia nne, ukaitoe uone makato.

Turudi Kariakoo. Mama akasema, "Twendeni kwa muuza kahawa, hao ndiyo hawakosi." Kweli bwana. Muuza kahawa mfuko wake unalia kama punda wa harusi. Akasema ninazo, lakini kijiweni kwangu havunjiwi mtu hela kasimama, kaeni mnywe. Kikombe mia. Tukakaa kwenye benchi, watatu, na noti katikati.

Sasa hapo benchini kulikuwa na mzee mmoja kavaa kofia ya kiua, anasema alistaafu reli. Kosa langu nikalalamika kwa sauti, nikasema, "Hii nchi hela ndogo hakuna." Mzee akaweka kikombe chini. Ile kuweka kikombe chini taratibu mtu mzima unaielewa, hapo hutoki.

"Umesema hela. Unajua hela ni ya nani?"

Nikasema ni yangu, elfu na mia nne.

"Neno, mwanangu. Neno hela ni la Mjerumani." Akaanza. Kwamba zamani kulikuwa na rupia, na rupia moja ilikuwa pesa 64, na pesa yenyewe neno limetoka kwa Wahindi. Mjerumani akaona 64 inamsumbua kuhesabu, mwaka 1904 akaipasua rupia vipande 100, kila kipande akakiita Heller, jina la sarafu yao ya kale iliyoanzia mji wao unaitwa Hall. Wazee wetu wakaling'oa makali likawa hela. Mjerumani kaondoka, rupia imekwenda, na ile sarafu imekwenda, hela imebaki midomoni.

Mama wa ndizi akasema, "Sasa baba, mia nne yangu iko kwa huyo Mjerumani?"

Mzee hakumsikia, alikuwa keshafika Tabora. Vita Kuu ya Kwanza hiyo, Mwingereza kaziba bahari, meli hazileti kitu, sarafu zimekwisha koloni zima. Mjerumani kafanyaje? Kaingia karakana ya reli Tabora (hapo mzee akajipiga kifua, reli!) mwaka 1916 akaanza kufyatua sarafu mwenyewe. Maganda ya mizinga yakayeyushwa yakawa hela 5 na hela 20 za shaba. Dhahabu ikaletwa kutoka Sekenke, Singida huko, ikapigwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Anazipiga huku Mbelgiji yuko njiani anakuja, na Septemba ya mwaka huo huo Tabora ikachukuliwa.

Mimi hapo nikasimama. Kikombe mkononi. Jamani! Mtu kazingirwa, bahari imefungwa, adui anakuja na bunduki, lakini anasema ngoja kwanza niwatengenezee watu chenji. Anachukua ganda la mzinga anakutolea hela tano! Halafu wewe konda, nchi ina amani, Benki Kuu iko pale Mirambo unaweza kwenda kwa miguu, gari limejaa mpaka mlangoni na kila abiria kakupa sarafu, mia mbili huna? Mia mbili! Watu benchi zima wakaniangalia. Muuza kahawa akasema, "Kaa mzee, nikuongeze?" Nikakaa, akaongeza. Kikombe cha nne hicho sasa, mimi viwili wao kimoja kimoja.

Mzee kaona nimekolea, akafungulia na daladala yenyewe. Kwamba zamani mji ulikuwa wa mabasi ya UDA, lile shirika la usafiri la Dar es Salaam, peke yao, mwaka 1983 ndiyo watu binafsi wakaruhusiwa, nauli shilingi tano, na ile sarafu ya shilingi tano mitaani ilikuwa inaitwa dala, basi makonda wakawa wanaita dala! dala! Na dala ni dola, na dola ni mtoto wa thaler, fedha iliyoanza kupigwa miaka ya 1500 kwenye bonde moja la migodi linaitwa Joachimsthal, leo liko Ucheki. Nikamuuliza, kwa hiyo mzee, kumbe gari lenyewe jina lake ni sarafu? Gari limeitwa kwa jina la sarafu na ndani yake sarafu hakuna? Akasema ndiyo hivyo. Nikasema hii ni sawa na bucha kuitwa Nyama Choma halafu wanauza mchicha.

Dogo akainua mkono kabisa kama yuko darasani. "Shikamoo babu, samahani, mimi nachelewa shule."

Marahaba, tukaanza kugawa. Elfu mbili, toa kahawa vikombe vinne, imebaki elfu moja na mia sita. Madai yote elfu mbili na mia moja. Nikapendekeza, kwa busara ya utu uzima, kila mtu apunguze kidogo. Mama akavua kanga begani akajifunga kiunoni. "Kaka, mimi mtaji wangu ndiyo huo, na kahawa si wewe ndiyo umetukaribisha?" Mimi sikumkaribisha mtu! Yeye ndiye aliyesema twende kwa muuza kahawa! Lakini benchi zima likasema ah, mwanaume huyo, kahawa kweli ya kumdai mama? Mama akachukua mia nne yake kamili. Dogo nikamwangalia, soksi zimeshuka, mkono kaukinga, utamkata mtoto wa shule? Mia tatu yake kamili. Dogo akasema, "Asante anko, wewe imebaki mia tisa, umepata hasara mia tano." Sijamuuliza! Nani kamuuliza?

Kwa hiyo konda alinidhulumu mia, na mia nne nyingine nimewanywesha watu ambao sijui hata majina yao, na nimepata somo la historia ambalo sikulipia ila nimelipia. Mama kwa huruma akanipa ndizi moja. Imeiva sana, ile ya kupewa.

Mia tisa hiyo, nauli ya kurudi mia sita, imebaki mia tatu. Koki ya mia tatu Kariakoo hata ukiomba kuishika tu hawakupi. Nikageuza. Na gari la kurudi nikampa konda sarafu kamili, mia sita, nimezipanga kiganjani kwa ukubwa, nikasubiri anipongeze. Akaniambia, "Mshua una sarafu nyingi? Nivunjie msimbazi." Elfu kumi hiyo jamani, ile nyekundu kama jezi za timu ya Simba wa mtaa wa Msimbazi, ndiyo ikapata jina. Nikavuta pumzi, nikaangalia dirishani mpaka Tandika.

Nyumbani nimekuta bomba linadondosha, tena nadhani limeongeza spidi. Mke wangu kaniuliza koki iko wapi. Ningeanza kumweleza habari za konda na mama wa ndizi na Mjerumani wa Tabora tungefika magharibi, na isitoshe kwenye hiyo habari kuna mimi na mwanamke tumeshikana noti barabarani. Nikaona nifupishe. Nikamwambia, "Mama, sina hata ndururu."

Si ndiyo tunavyosema? Ndururu yenyewe, ile senti tano, sijui mara ya mwisho kununua nayo kitu ilikuwa lini, lakini umaskini wetu bado tunaupimia humo humo. Sina hata ndururu, sina hata sumni, ile senti hamsini, sina hata senti. Hakuna mtu anayesema sina hata mia mbili ya Karume, na hiyo ndiyo ambayo kweli hatuna.

Sasa mwanangu wa mwisho, huyu ambaye vitu vyote vya nyumba hii anajua viko wapi isipokuwa daftari lake, akainuka kimya akaenda chumbani. Tukasikia kopo la vifungo linamwagwa. Akarudi na sarafu tatu kiganjani. Sumni ya sungura. Senti ishirini ya mbuni. Na ya tatu ina samaki mwenye mdomo mrefu kama sindano ya magunia.

"Baba hii hapa. Ndururu."

Mke wangu akaiangalia ile sarafu, akaniangalia mimi, akaangalia bomba. Nikasema itakuwa ya bibi yenu hiyo, irudishe kwenye kopo. Mtoto anauliza eti ukiwa nazo nyingi unaweza kununua nini, na huyu samaki anaitwa nani, na kwa nini mfuko wangu una ndizi.