Kisamvu si juisi

Imerudi tena. Ile video ya juisi ya kisamvu inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: majani mabichi yanaoshwa, yanatupwa kwenye blenda, yanachujwa, inamiminwa soda nyekundu au maziwa ili ishuke kooni, kisha mama mjamzito anaambiwa anywe glasi asubuhi na jioni "damu ipande". Na chini yake shangwe: turudi kwenye vyakula vyetu vya asili!

Asili ya nani? Nionyesheni bibi mmoja wa Tanga, Lindi au Mtwara aliyekuwa akinywa kisamvu. Kisamvu kinatwangwa, kinachemshwa, kinaungwa, kinaliwa. Ukiruka kuchemsha, umebaki na jani la muhogo, na jani la muhogo lina sumu ya sayanidi.

Wanaosema turudi jikoni kwa bibi wana hoja, sikatai. Sahani ya pwani, yaani mboga ya majani ya kutosha, kunde, samaki au dagaa, ugali wa dona na chungwa baadaye, inakupa karibu kila kitu ambacho wauzaji wa unga wa kijani wa kopo wanakuahidi. Lakini alichotuachia bibi ni namna ya kupika. Majani hata mbuzi anayo.

Chukua kinu. Watu wanadhani kutwanga ni kwa ajili ya kulainisha tu. Ndani ya seli za jani la muhogo kuna kitu kinaitwa linamarini, na kwenye kuta za seli kuna kimeng'enya cha kukivunja. Jani likiwa zima, viwili hivi havikutani. Ukitwanga vinakutana, sayanidi inaachiliwa, na kwa kuwa inachemka kwenye nyuzi joto 26 tu, moto na sufuria iliyo wazi vinaitoa hewani. Ndiyo maana anayetumbukiza majani mazima kwenye maji yanayotokota anakosea: joto linaua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na linamarini inabaki humo humo. Na juisi? Blenda inasaga vizuri, sayanidi inaachiliwa vizuri, kisha badala ya kuipa moto ipotee, mtu anaipiga funda.

Sasa pika. Kwa watu sita, chuma kilo moja ya majani machanga ya ncha za matawi, toa vijiti vyote. Majani yaliyokomaa yana nyuzi ambazo hata saa tatu za moto hazizilainishi. Twanga na punje tatu za kitunguu saumu na chumvi kidogo mpaka iwe laini kabisa. Blenda inaruhusiwa, kinu hakijawa dini, ila weka maji kidogo na uache rojo likae kama nusu saa kabla ya moto. Weka kwenye sufuria pana na lita tatu za maji, chemsha bila kifuniko, saa moja na zaidi, ukiongeza maji ya moto yakikauka. Mwenye jiko la presha aanze na dakika 20 za sufuria wazi, ndipo afunge. Hata kisamvu mpira, kile kinachosifiwa kwa ulaini, hakina msamaha hapa. Na magadi acha: yanalainisha, kweli, lakini yanaharibu vitamini na kukuongezea sodiamu.

Kunde kikombe kimoja, zilizolowekwa usiku kucha, zichemshe pembeni mpaka ziive. Ikune nazi moja, kamua tui zito kikombe kimoja, kisha tui jepesi vikombe vitatu. Kisamvu kikishalainika na maji kukaribia kukauka, weka kunde, kitunguu kilichokatwa na tui jepesi, kitokote dakika 20. Tui zito linaingia mwisho, moto mdogo, unakoroga bila kuacha kwa dakika tano hivi. Likichemka kwa fujo linakatika, mafuta yanaelea juu, halafu unasikia "nazi siku hizi mbovu". Nazi haina kosa.

Haya, nazi ina mafuta mazito, hilo nakubali. Nazi moja kwa watu sita, mara mbili kwa wiki, si balaa, na mafuta hayo ndiyo yanayosaidia mwili kuchukua karotini ya majani, ile inayogeuzwa kuwa vitamini A. Siku nyingine weka karanga robo kilo zilizotwangwa. Chambua kwanza: iliyosinyaa, yenye ukungu au chungu, tupa, maana sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kupika. Mahindi ya dona ni vivyo hivyo, na dona ina kiini chenye mafuta, kwa hiyo saga kidogo kidogo. Gunia zima likikaa miezi linaanza kunuka, na hapo watoto wakikataa ugali wana haki.

Wa juisi watasema moto unaua vitamini C. Unaua, tena karibu yote. Ndiyo maana kuna ndimu ya kukamulia mezani na chungwa baada ya chakula. Vitamini C hiyo inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma ya kwenye majani. Chai ya rangi isubiri saa moja, inayazuia. Tumia chumvi yenye madini joto, kwa sababu mabaki ya sayanidi yakigeuzwa mwilini yanabana kazi ya tezi ya shingo. Na mjamzito mwenye upungufu wa damu ameze vidonge alivyopewa kliniki. Kisamvu kiwe mboga yake.

Anayeona natisha watu akumbuke Nampula, Msumbiji, mwaka 1981: ukame, muhogo mchungu ulioandaliwa haraka haraka, na zaidi ya watu 1,000 wakapooza miguu. Ilikuwa mizizi, najua, tena kwa watu wasio na samaki wala nyama ya kuusaidia mwili kuondoa sumu. Lakini kilichorukwa ni kile kile: hatua za maandalizi.

Kisamvu kilichotwangwa tayari cha sokoni ni sawa, kama ni cha asubuhi ile na hakina harufu ya uchachu. Chemsha kingi siku moja, gawa mafungu bila tui, gandisha. Jumatano jioni unatoa fungu, unakamua nazi, na baada ya nusu saa mnakula.