Yungiyungi Halilii Jina

Muuguzi anayetutembelea kumpima mtoto hapa Leeds aliandika jina la binti yangu kwenye karatasi zake, akalisoma polepole, kisha akaniuliza lina maana gani. Nikamwambia Yungiyungi ni ua la majini, linaota ziwani kwetu Mwanza. Akafurahi kweli. Nyumba ya tatu kutoka kwetu kuna mtoto anaitwa Poppy. Poppy nalo ni ua, lile jekundu la mashambani ambalo kila Novemba Waingereza hubandika la karatasi kifuani kuwakumbuka askari wao waliokufa vitani. Mama Poppy hajaulizwa maana hata siku moja. Mimi nimeulizwa hospitali, nimeulizwa kazini, nimeulizwa na dereva wa basi.

Inakera kidogo, ila si hiyo iliyonikalisha chini kuandika. Ni simu ya nyumbani. Huku wote wanataka maana. Mwanza hakuna aliyetaka maana. Shangazi, mama mkwe, wifi, hadi dada mmoja wa kwaya ambaye hata jina lake la pili silijui, wote waliuliza kitu kimoja: "Ni jina la nani?"

La nani? Si la mtu. Ni la ua.

Kimya. Nilidhani mtandao umekata. Halafu mama mkwe, kwa sauti ya mtu aliyepata jibu la fumbo: "Ndiyo maana analia usiku."

Basi mnajua kilichofuata. Kwanza chango. Dawa ya chango ingetumwa na mtu anayesafiri, nimpokee uwanja wa ndege. Nikakataa. Chango likishaondolewa kinabaki kimoja tu: mtoto analilia jina, yaani kuna marehemu wa ukoo anataka jina lake lirithiwe. Mama mkwe akataka nimweke binti mbele ya simu, awataje marehemu wa ukoo wao wa kule wilaya ya Magu mmoja baada ya mwingine, tuone atanyamaza kwa nani. Nikamweka, maana mama mkwe ni mama mkwe. Akanyamaza kwenye Nyanzala. Alinyamaza kwa sababu nilikuwa nimeshamtia titi mdomoni, lakini kwenye kundi la familia ilishaandikwa kwa herufi kubwa kwamba bibi amerudi.

Najua mnachosema. Keshakuwa Mzungu huyu, majina ya wazee yanamnukia moshi. Sikieni, mimi naitwa Kabula. Nilizaliwa Kirumba, pale Mwanza mjini, mvua ikinyesha, na jina likanisubiri mlangoni. Ningekuwa mvulana ningeitwa Mabula. Darasani kwetu kulikuwa na Kulwa na Doto, na mdogo wao Shija aliyewafuata, na Milembe aliyezaliwa kwenye amani, sijui amani gani, mama yake na baba yake walikuwa wanapigana kila mwisho wa mwezi. Ukimsikia mtu jina unajua siku ilikuwaje. Upande wa Rorya Wajaluo nao vilevile: Atieno wa usiku, Akoth wa mvua. Kuna siku nilimweleza mama Poppy hayo yote jikoni kwake, akaacha chai ikapoa. Nilijisikia tajiri.

Kwa hiyo sibishani na anayesema Wasukuma hatuna desturi ya kuwaita mabinti maua. Ni kweli. Wenye desturi hiyo ni watu wa Pwani, wenye kina Asumini, Waridi na Maua wao tangu enzi za mababu, na ndiyo maana hata Kirumba tulikuwa na Bi Maua wa maandazi. Lakini hebu tuulizane kitu. Ukoo gani kanda ya ziwa hauna Rose? Hauna Lilian? Hauna Violeth mwenye th mwishoni? Nani alikaa kikao kuuliza Rose ni mzimu wa nani? Hakuna. Padri alimwagia maji, keki ikakatwa. Ua la Ulaya linapita bila swali. Ua linaloota pale ghubani, mita chache kutoka kwenye mitumbwi ya dagaa, ndilo linalosimamishwa na kudaiwa vitambulisho.

Hata maua tunayojisifia mjini si yetu. Jakaranda na bogenvilia zimetoka Amerika Kusini. Mkrismasi, ule mti mwekundu tunaoupiga picha kila Desemba, asili yake Madagaska. Yungiyungi lilikuwepo kabla hatujawa na neno "mji". Nendeni Nyegezi au popote mafunjo yanapokomea na maji yametulia: majani mapana yamelala juu ya maji, yale ambayo ndege wa vidole virefu hutembea juu yake asizame, na katikati ua jeupe au la bluu. Tulikuwa tunayachuma na kuyavaa shingoni. Mama alikuwa anatuchapa, kwa sababu ya kichocho kwanza na mamba baadaye.

Wifi yangu, ambaye Mungu alimpa ulimi tu akasahau breki, akaandika: "Si bora umwite Gugumaji, nalo lina ua zuri la zambarau." Nilicheka, nakiri. Ua lake ni zuri kweli. Lakini wifi, gugumaji nalo ni mgeni kutoka Amerika Kusini, lilituingilia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na miaka ya 1990 likafunga mialo hadi wavuvi wakawa wanasukuma mitumbwi kama wanalima. Kwa sheria yenu hiyo ya kupenda maua ya wageni, kweli gugumaji lina sifa zote.

Halafu huku nako wasijifanye. Mama Poppy ana binti mkubwa anaitwa Violet, na nilipomuuliza swali la Mwanza, la nani, akaniambia ni la bibi yake mzaa babu. Majina ya maua yalishika kasi Uingereza mwishoni mwa karne ya 19, yakazeeka na wenyewe, na sasa wajukuu wa wajukuu wameyafufua. Lily, Ivy na Poppy ni miongoni mwa majina yanayopendwa sana England miaka hii. Ivy, kwa taarifa yenu, ni ule mmea unaotambaa na kubandua rangi ya ukuta. Kwa hiyo bibi amerudi hata kwa Wazungu, ila hakuna aliyelazimishwa kulia usiku kucha ili arudi.

Kuna mtu sasa hivi anasema: ungekuwa Magu ungethubutu? Nisingethubutu. Ningemwita Nyanzala mbele za watu na Yungi chumbani. Na simdharau Bibi Nyanzala. Alizaliwa mwaka wa njaa, akabebeshwa njaa hiyo kama jina hadi anazikwa, na nimekula ugali wake wa udaga. Ila sitaki binti yangu aliyezaliwa na friji imejaa aitwe njaa. Shemeji akajibu, "Rahisi kusema wewe uliyepewa mvua." Hapo alinipata. Sina jibu hadi leo, na nimelitafuta.

Sheria ya England inakupa siku 42 kumwandikisha mtoto. Tulikaa mimi na mume wangu mbele ya yule mama wa ofisi, akauliza herufi, akachapa, tukatoka. Hakuna aliyepinga. Hakuna aliyenuna. Nilitembea hadi kituo cha basi nikijisikia huru, na kabla basi halijafika nilikuwa na hasira: jina la mtoto mzima, na hakuna mtu hata mmoja aliyeona linamhusu! Kirumba wangegombana hadi mganga wa zahanati. Haya, semeni sijui ninachotaka. Nataka wagombane, kisha washindwe.

Sasa kuna binamu wa London, simtaji, amempenyezea mama mkwe kwamba jina la kwanza linaweza kubadilishwa ndani ya miezi 12. Tangu hapo kila simu inaanza kwa kuulizwa mtoto ana miezi mingapi. Mama, nakuheshimu, na ukimwita Nyanzala ukiwa umempakata mimi sitasikia, nitakuwa jikoni. Cheti hakibadiliki. Desemba tunakuja, na wifi anayetaka kumwita Gugumaji amwite nikiwa nimeenda sokoni.